Ufuta Juu ya Mizani

Vijana wangu, ninyi mnaopishana nami kwenye lifti za jengo hili la Tianxiu na kuniona na kofia nyekundu ya sufu hata kwenye joto la mwezi wa saba, najua mmenipa jina. Mzee Kiziwi. Mmoja wenu, mwanafunzi wa udaktari, alinifuata kwa adabu zote akaniambia anaweza kunipeleka kupimwa masikio bila malipo. Nilimshukuru. Masikio yangu ni mazima. Nasikia hata mnavyonisema kabla mlango wa lifti haujafunga vizuri.

Leo nawaeleza habari ya kofia. Nimestaafu, maana yake hakuna tena anayenituma, na mtu asiyetumwa hujikuta amesimama dirishani anahesabu teksi. Nitaandika nikiinuka-inuka. Sijawahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto.

Shule niliiacha darasa la sita, Singida. Sikufukuzwa. Niliona lori linapakia vitunguu nikataka kujua vinakwenda wapi. Vilikwenda Dodoma. Nikataka kujua watu wa Dodoma wanakwenda wapi. Basi, hivyo hivyo. Nimefua mashuka ya gesti Iringa, nimeuza mayai ya kuchemsha mpakani Tunduma, nimevuka, nimekaa kidogo, nimeondoka. Siku moja nikajikuta kusini kabisa mwa Afrika, katika mji mdogo wa wakulima wa mahindi, nimeshika ufagio kwenye uwanja wa shabaha.

Huko kuna watu wenye bastola na vibali vyake, na kila Jumamosi hushindana kulenga karatasi na sahani za chuma. Hawawindi, hawagombani na mtu. Ni mchezo, kama bao. Na baadhi yao hawanunui risasi dukani. Wanajijazia wenyewe nyumbani, kwa mkono, moja moja, kama wengine wanavyofuga njiwa au kutengeneza saa mbovu. Mimi nilikuwa nikifagia maganda ya shaba yaliyotapakaa chini, nayatia kwenye ndoo ya taka. Siku ya tatu mzee mmoja akanishika mkono.

"Unatupa wapi hayo?"

"Si yameshatumika, mzee?"

"Na sahani uliyolia wali jana, umeitupa?"

Huyo alikuwa Mzee Komba, mtu wa Songea, mlinzi wa uwanja ule kwa miaka mingi na mshindani mwenye kibali chake. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda meza, na juu ya meza mtambo mdogo wa chuma wenye mpini. Nikataka kujua mpini ule unafanya nini. Nilikaa pale miaka minane. Kwa mtu kama mimi, miaka minane mahali pamoja ni ndoa.

Risasi ni vitu vinne tu: ganda la shaba, fataki ndogo ya kuwasha iliyokaa kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa kinachoziba juu. Ganda likishapigwa, linaokotwa, linasafishwa, linarudishiwa umbo kwa mtambo, linapewa fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya. Maneno machache. Lakini kila neno pale lina mlango wa kuingilia ajali.

Mzee Komba alinifundisha kwanza kusikiliza. Unachukua maganda matano kiganjani, unayatikisa taratibu. Mazima yanalia kama kengele ya baiskeli. Likiwamo moja lenye ufa, usioonekana hata kwa miwani, linakohoa. Wiki nzima nilitikisa maganda bila kusikia kikohozi chochote. Wiki ya pili nikasikia, na tangu hapo sikuweza kuacha; nilitikisa hata vijiko vya mama mwenye nyumba.

Akanifundisha kwamba mezani hukaa kopo moja la baruti, si mawili, kwa sababu baruti zote ni kama chai ya majani: ukichanganya huwezi kutenganisha. Akanifundisha kutazama ndani ya kila ganda kwa tochi kabla ya kuliziba, maganda hamsini yakiwa yamesimama kwenye trei, kwa sababu baruti ya bastola ni kidogo mno. Unaweza kutia mara mbili katika ganda moja na lisimwagike. Unaweza pia usitie kabisa na usijue. Ukishaziba umeziba. Usidhani utapima kwa mizani useme hii nzito, hii nyepesi: ganda na ganda, kichwa na kichwa, vinapishana uzito kuliko hiyo baruti yenyewe. Dawa ni kuzibomoa zote, moja baada ya nyingine.

Na akanifundisha jambo la bakuli. Alipima baruti ya maganda hamsini kamili, akaitia kwenye bakuli dogo la bati. Kazi ikiisha, bakuli liwe tupu.

"Mtu hudanganya," alisema. "Macho hudanganya. Kilichobaki hakidanganyi."

Kanuni yake ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote: ukikatizwa, rudi mwanzo. Simu ikilia, mtu akiingia, ukipiga chafya mbili, unamwaga baruti yote ya trei ile unaanza upya. Niliona ni uchawi wa mzee.

Sasa sikilizeni kosa langu. Hili ni kosa letu sisi, watu wa kwetu. Wazungu wa pale wasingeweza kulifanya hata wangetaka.

Siku ya Ijumaa niko mezani, trei imefika katikati, nasikia mlangoni, "Hodi wenyewe!" Kiswahili! Dereva wa lori kutoka Makambako, mzee mwenye mvi, amesikia mjini kwamba kuna watu wa nyumbani. Mnafikiri ningefanya nini? Ningenyoosha kidole, nimwambie subiri? Mtu aliyenizidi umri, kasimama mlangoni, kavua na kofia? Niliacha mpini hewani nikainuka.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu, marahaba! Hamjambo hapa? Watoto? Mvua? Nyumbani unapata habari?"

Mnajua salamu zetu. Zina sebule, zina uani, zina na jiko. Tulipita vyumba vyote. Alipoondoka nilirudi mezani nina furaha, nikashika mpini, nikaendelea nilipodhani nimeishia. Nikaziba zote hamsini. Kisha nikatazama bakuli. Kuna baruti imebaki. Kidogo. Kama ya ganda moja.

Niliirudisha kwenye kopo nikafunga kifuniko. Mzee Komba alikuwa na mashindano kesho yake, nami nilijiambia labda mzee alipima zaidi kidogo.

Jumamosi nilisimama nyuma ya mstari na ufagio wangu. Akapiga. Akapiga. Mlio wa nane haukuwa mlio. Ilikuwa kama mtu amefungua chupa ya soda. Fataki peke yake, bila baruti. Ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, kikakwama humo. Ukivuta tena, risasi inayofuata inakuta njia imezibwa, na bastola inapasukia mkononi mwako, mbele ya uso wako. Washindani wanafukuzana na sekunde, wengi wangevuta. Mzee Komba alisimamisha kidole. Akazitoa risasi zake, akaiweka bastola juu ya meza, akainua mkono kumwita msimamizi. Halafu akageuka kunitafuta kwa macho.

Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu.

"Nani alikuja?"

Tulibomoa zilizobaki arobaini na mbili, mimi na yeye. Zote zilikuwa na baruti. Alipomaliza alivua kofia yake ya sufu, nyekundu, akanivika.

"Ukiivaa hii wewe ni kiziwi. Hata aje askofu. Ukiivua, msalimie hata mbuzi."

Hiyo ndiyo kofia.

Nimeinuka, nimechemsha maji, nimerudi.

Huku Guangzhou, China, nililetwa na stika. Mizani ya kidijitali ilipoanza kuingia kwenye duka la pale uwanjani, niligeuza moja juu chini nikasoma kwenye stika ilikotoka. Nikataka kujua. Mwenye duka akasema, kama unataka kujua sana, nenda ukaninunulie, unikagulie. Nikaja kwa mwezi mmoja. Sasa sijui ni mwaka wa ngapi. Nilikuwa nikitafuta mizani ndogo, vernia za kupimia urefu, trei za plastiki, mapipa ya umeme ya kusugulia shaba ambayo hapa mafundi wa vito ndio huyanunua. Vifaa tu. Baruti, fataki, risasi, nchi hii haina mchezo navyo hata kidogo, na mimi sijavigusa tangu nishuke ndege.

Nasema sijavigusa, lakini nilikuja na ganda moja tupu nimelifanya kishikio cha funguo, kumbukumbu ya Mzee Komba. Sijui lilipitaje njiani. Wiki ya kwanza, kituo cha metro cha Xiaobei, mnajua ile mashine ya kukagua mabegi, askari akasimamisha mkanda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki asubuhi nzima nikieleza kwa ishara za mikono kwamba ni sahani iliyokwisha kuliwa. Walilichukua, wakanipa onyo, wakaniacha. Walikuwa na haki. Vijana, kama mnakuja na kumbukumbu, njooni na picha.

Sasa kisa chenyewe, cha hapa hapa.

Mzee Komba alinitumia ujumbe wa sauti. Sauti imezeeka, inakwaruza. "Mwanangu, macho yameanza kunisaliti. Ile mizani yangu ya zamani ya mkono mrefu siuoni tena mstari. Nitafutie yenye namba kubwa." Wakati huo huo mwenye duka wa kule uwanjani aliagiza mizani mia mbili, akasema ya kwanza itakayotoka kwenye katoni ni ya mzee.

Nilizipata kwa mama mmoja muuzaji, Laoban Lin. Laoban ni tajiri, mwenye duka, mnajua. Aliweka jiwe la kupimia juu ya mizani, namba ikatokea safi, akasema, "Meiwenti," hakuna tatizo. Nikatoa karatasi niliyoisokota, ndani ina ufuta. Nikaanza kudondosha punje mbilimbili juu ya sahani ya mizani. Laoban Lin akaiambia simu yake kitu, simu ikanisomea kwa sauti ya kike: "Rafiki anapima au anapika?"

Nawaeleza kwa nini. Mjazaji wa risasi hapimi kwa kumwaga. Anakaribia uzito anaoutaka, kisha anadondosha chembe, chembe, chembe. Kuna mizani za bei nafuu zenye akili ya ziada: uzito ukiongezeka taratibu sana zinafikiri ni upepo au vumbi, zinajirekebisha zenyewe. Unadondosha, namba imelala. Zinameza. Ukiweka jiwe zinasema kweli, ukidondosha chembe zinadanganya. Basi mzee mwenye macho mabovu anaongeza, anaongeza, anaamini hajafika, kumbe amepita. Baruti ikizidi, mkono hauhesabiwi tena kwa vidole vitano.

Mizani za sampuli zilikuwa nzima. Mzigo ulipokuja, ulikuwa mchanganyiko: nyingi nzima, chache zinameza, na kwa nje zote pacha. Kwa hiyo nilipima moja moja, kwa ufuta. Trei tano za mizani arobaini arobaini. Asubuhi nilisokota karatasi tano za ufuta, moja kwa kila trei, maana punje zikishika jasho la mkono hugandana. Mizani zilizo kushoto kwangu hazijapimwa, zilizo kulia zimepimwa. Kofia kichwani. Nilifanya kazi katika ofisi ya Kadima, wakala wa mizigo, kijana wa Lubumbashi, ghorofani Tianxiu. Trei tatu za kwanza zilinipa mbovu tisa. Laoban Lin akanibadilishia bila ubishi.

Siku ya pili, trei ya nne imefika nusu, mlango ukafunguliwa na sauti ya soko.

"Hodi humu! Shikamoo mzee."

Punje zinadondoka. Namba inasogea. Vizuri.

"Mzee, shikamoo."

Punje mbili. Namba imesogea.

"Kadima, huyu mzee wenu yu hai, au mmemtundika hapa kama picha?"

"Mama, muache papa," Kadima akasema. "Akivaa ile kofia hasemaka na mutu."

"Hasemi na mtu! Shikamoo yangu nimeibeba kutoka Tunduma, nimepanda nayo ndege mbili, halafu ianguke sakafuni kama hizo punje zake? Ataiokota nani?"

Tunduma! Nikavua kofia.

"Marahaba mama. Marahaba, marahaba. Nisamehe."

Alikuwa Mama Tumaini, mfanyabiashara wa nguo, ametoka soko la nguo la Shahe na begi la sampuli za jinzi linalomzidi upana. Kontena la Kadima karibu lote lilikuwa mzigo wake. Nikamwambia niliwahi kuuza mayai mpakani kwao. Akauliza upande upi. Nikamwambia, karibu na mama mmoja mnene aliyekuwa akiuza chai na kutukana madereva. Akashika kiuno.

"Huyo mama mnene ndiye aliyenizaa."

Basi tena. Tulipita sebuleni, uani na jikoni. Alitaka kukaa, viti vyote vimejaa, akasogeza vitu, akaweka begi lake, akakaa. Tulicheka mpaka Kadima akatuomba tupunguze sauti. Alipoondoka nilivaa kofia, nikamaliza trei ya nne pale nilipodhani nimeishia. Nikatazama kushoto: patupu. Kazi imekwisha. Nikafunga makatoni kwa utepe wa gundi nikiimba.

Ukikatizwa, rudi mwanzo. Nilimwona mtu wa Tunduma nikaisahau kanuni iliyonivisha kofia.

Kesho yake asubuhi, metro ya Xiaobei, mashine ile ile. Dada mkaguzi akasimamisha begi langu, akatia mkono, akatoa karatasi iliyosokotwa. Akanitazama, nikamtazama. Akaifungua, akanusa, akacheka. "Zhima," akasema, yaani ufuta, akanirudishia.

Sikuondoka. Watu wananisukuma na masanduku yao, mimi nimesimama na kile kikaratasi kiganjani. Nilisokota vitano. Trei tano. Hiki kilitakiwa kiwe kimetumika. Nikaona begi la jinzi, nikaona kiti cha kushoto, nikamwona Mama Tumaini anainua trei ya tano, mwanamke mwenye adabu asiyependa kukalia vitu vya watu, anaiweka kwa upole kulia, juu ya zilizokwisha kupimwa.

Mizani arobaini. Na ya kwanza kutoka kwenye katoni, yoyote itakayokuwa, ni ya Mzee Komba.

Nikampigia Kadima.

"Papa, tuko godauni, tunapakia. Lori linatoka saa tisa kwenda Nansha, bandarini. Likichelewa geti, meli inaenda."

"Nataka makatoni yangu."

"Papa, haiwezekane. Yako yaliingia ya kwanza, ukutani kabisa. Mbele yako kuna marobota ya Mama yote. Wewe tuma ujumbe kule, waambie wapime wenyewe. C'est simple, rahisi tu."

Si kwamba sikulifikiria. Lakini nimesimama nyuma ya kaunta maishani mwangu, najua ujumbe kama huo unavyosomwa. "Sawa, tutaangalia." Wataweka jiwe, namba itatokea safi, watauza. Na zaidi ya hapo: mara moja nilishawahi kuona kilichobaki nikakifunika kwenye kopo. Mara ya pili sikutaka.

Nilifika godauni saa sita, shati limenishika mgongoni. Kontena limejaa mpaka mlangoni. Mama Tumaini amesimama mbele yake na daftari, anawapigia wapakiaji kelele kwa Kichina cha Shahe, chenye maneno ishirini, yote ya amri.

"Shikamoo mzee! Leo huna kofia, kwa hiyo leo una masikio."

"Marahaba. Mama, naomba uyatoe marobota yako."

Alicheka. Kisha akaona sicheki naye.

"Yote?"

"Mpaka ukutani."

"Mzee, umekunywa nini asubuhi hii? Meli hii ikiniacha nakaa na mzigo wiki nzima. Nina wateja wamesimama mlangoni kwangu. Kisa vimizani?"

Nikamweleza. Nilianza na dereva wa Makambako, nikafika kwenye mlio wa nane, kwenye bakuli, nikamwonyesha kile kikaratasi. Kadima anatazama saa. Mama Tumaini akasikiliza na mdomo umekaza.

"Huyo mzee wako, mizani ikimdanganya, inakuwaje?"

"Mkono. Au jicho. Au vyote."

"Na hiyo trei aliyeihamisha nani?"

Nilitaka kusema sijui. "Ni mimi niliyeacha kuhesabu," nikasema.

"Sikuuliza aliyeacha kuhesabu." Akatazama begi lake. "Kumbe shikamoo yangu ndiyo iliyotufikisha hapa."

Akafunga daftari. "Kadima! Toa mzigo."

"Mama, meli..."

"Nimesema toa. Ikiniacha, nitaifuata kwa miguu."

Walitoa marobota yote. Jasho, matusi kwa lugha nne. Makatoni yangu yalipofikiwa yalikuwa matano, sawasawa, hayana alama, kwa hiyo sikujua lipi ndilo. Lakini ufuta unaacha ufuta: mizani zilizopimwa zilikuwa na punje moja moja zimejificha pembeni mwa sahani. Katoni la tatu lilikuwa safi kama limetoka kiwandani. Nikageuza katoni tupu la Kadima, likawa meza. Nikavaa kofia.

Kulikuwa na upepo wa mlangoni. Mizani ya namna hii inasumbuliwa hata na pumzi. Mama Tumaini akawapanga wapakiaji bega kwa bega kunizunguka, kila mmoja na kipande cha boksi. "Simameni hapo muwe ukuta. Na ukuta hausemi."

Ya kwanza nzima. Ya pili. Ya tatu. Mpaka ya sita nzima. Nikasikia ukuta unaanza kuguna kwa kicheko: mzee mweusi mwenye kofia ya baridi anapanda ufuta juu ya mizani. Hata Kadima alijifuta mdomo. Ya saba nikadondosha punje mbili. Namba imelala. Mbili tena. Imelala. Nikadondosha mpaka kikarundo kidogo kikaonekana kwa macho.

Mama Tumaini akainama. Akachukua ufuta kwa vidole vyake mwenyewe, akadondosha, akangoja.

"Mbona haisogei?"

Sikumjibu; nilikuwa na kofia. Akadondosha tena.

"Imekula," akasema taratibu. "Jamani, imekula."

Hakuna aliyecheka tena. Katika arobaini zile zilipatikana mbovu kumi na moja, nikazitenga.

Lori liliwahi Nansha, dereva akiwa ameapa hatanibebea tena hata sindano. Mzee Komba alipopokea yake alinitumia ujumbe: kwanza sauti ya punje zinadondoka, kisha kimya, kisha kicheko chake cha kukwaruza. Aliipima kwa ufuta kabla ya kuiamini. Nisingetarajia kingine kutoka kwake.

Lakini sicho nilichotaka kuwaachia. Ninachotaka mkione ni pale godauni, mizani ya ishirini na ngapi sijui, saa inakimbia. Akaingia kijana mmoja, mwanafunzi, katumwa na Kadima kuleta karatasi za forodha. Kijana mwenye malezi. Akaona mvi zangu, akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee."

Karatasi iko juu ya sahani, punje mbili zimefika kwenye ukingo. Moyo wangu ukainuka kama siku ile kibandani, mdomo ukafunguka wenyewe.

Mama Tumaini akaweka mkono begani kwangu, mzito, akanibakiza chini.

"Marahaba, mwanangu," akamjibu kijana. "Amekusikia. Namjibia mimi."

Nikadondosha. Namba ikasogea.